Simu moja, wanafunzi 54: mradi wa video unavyoweza kuwa somo

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari msingi upande wa Ahero, Kaunti ya Kisumu. Gredi ya 8 ninayoifundisha ina wanafunzi 54. Muhula uliopita niliwapa mradi wa kutengeneza video kuhusu mazingira. Vijana watatu waliozoea simu nyumbani walishika kazi yote, wenzao wakabaki kutazama. Mwishowe tulipata video ya dakika kumi na moja yenye muziki mkubwa na maelezo waliyonakili mtandaoni. Mwalimu mkuu anasema huu ni mchezo unaokula vipindi. Nina simu yangu, laptopu kuukuu, projekta ya shule na vishikwambi vinne ambavyo bado vinawaka. Niachane na jambo hili, au kuna namna ya kulifanya liwe somo?

Jibu: Mwalimu mwenzangu, usiachane nalo. Ila kwa video ile, mwalimu mkuu wako ana haki ya kulalamika. Dakika kumi na moja za muziki na maelezo ya kunakili hazitetewi mbele ya mzazi wala afisa wa elimu. Wale vijana watatu usiwalaumu. Darasa lilipewa mada, likapewa kifaa, na kati ya hivyo viwili hapakuwa na kazi ya kufanya. Waliojua kifaa walikishika, basi.

Katika mradi wa video uliopangwa vizuri, kupiga picha ndiyo sehemu fupi kuliko zote. Kazi kubwa hufanyika kabla ya kamera kuwashwa, wanafunzi wanapouliza, wanapoenda kuona, wanapoandika na kubishana kuhusu kitakachoonekana. Hurudi tena kamera ikishazimwa, wanapochagua na kukata. Sehemu hizo mbili zinahitaji karatasi, penseli na midomo inayozungumza. Ndiyo maana simu moja inaweza kulitosha darasa lako zima.

Tuanze na swali, maana hapo ndipo mradi wako wa kwanza ulipopotelea. "Mazingira" ni bahari. Hata "gugu maji katika Ziwa Victoria" ni mada pana mno kwa mtoto wa gredi ya 8. Atakimbilia mtandao kwa sababu hukumpa mahali pa kusimama na kutazama. Mpe swali ambalo jibu lake liko umbali wa kutembea kwa miguu, na ambalo macho yanaweza kulijibu.

Kwa hilo, wewe uliye Ahero una bahati ambayo shule nyingi hazina. Mradi wa umwagiliaji wa hapo ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1960, ukitegemea pampu za kuvuta maji ya Mto Nyando na kuyaingiza kwenye mifereji hadi kwenye majaruba ya mpunga. Kikundi kimoja kiulize: maji husafiri vipi kutoka mtoni hadi jaruba la mwisho kabisa, na ni nani anayeamua zamu ya nani? Kingine kiulize: kwa nini mkulima husawazisha udongo wa jaruba kabla ya kupandikiza miche, na asiposawazisha huonekana nini? Kingine: mpunga uliovunwa huanikwa wapi, na mvua ya ghafla ikija watu hufanya nini? Na kwa kuwa mko kwenye tambarare za Kano, ambako Nyando hufurika, kikundi kingine kiulize: maji ya mafuriko yalifika wapi kwenye kuta za majirani zetu, na vitu viliinuliwa juu vipi? Maswali haya mtandao hauwezi kuyajibu. Lazima mtu atoke nje akaone.

Mwenzako aliye karibu na ufuo wa Dunga angeuliza mengine. Gugu maji lilianza kuonekana upande wetu wa ziwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kwa kuwa huelea, upepo hulisukuma huku na huko. Leo ufuo uko wazi, kesho umezibwa. "Athari za gugu maji" ni kichwa cha insha. "Gugu likiziba ufuo, mtumbwi hupita wapi?" ni swali la video.

Mtaala wetu una jina zuri la kitu hiki: maswali dadisi. Kwa video mimi huongeza jaribio moja. Mwambie mwanafunzi afumbe macho, aseme atakachokiona kwenye skrini sekunde ya kwanza. Akisema "nitaona maji yanaingia kwenye mfereji", mruhusu aendelee. Akisema "nitamwona Akinyi amesimama anaeleza", swali halijaiva, alirudie. Na kuna mada ambazo unapaswa kuzikataa kabisa. Bei ya mchele kwa miezi sita ichorewe grafu. Hoja ya nani ana haki ya maji iandikiwe insha au ifanyiwe mjadala. Video hustahili gharama yake panapo mwendo, hatua zinazofuatana, mabadiliko, au sauti ya mtu ambaye hatakuja kusimama mbele ya darasa lako. Ukilinda mpaka huo, lile neno "mchezo" litapungua lenyewe.

Kabla ya mradi wenyewe, wape zoezi la dakika moja. Filamu ambazo ndugu Auguste na Louis Lumière walizionyesha Paris mwaka 1895 zilikuwa za sekunde hamsini hivi kila moja. Kamera ilisimama mahali pamoja bila kuhama, hakukuwa na kukata wala sauti. Wafanyakazi wanatoka kiwandani, imekwisha. Walimu wa filamu bado hutumia kipimo hicho kwa sababu kinamnyang'anya mwanafunzi kila pambo na kumwachia maamuzi mawili tu: nisimame wapi, na nibonyeze lini.

Kila kikundi kichague sehemu ya shule: lango asubuhi, jiko wakati wa kupakua githeri, bomba la maji. Kwanza watazame kwa dakika kumi pasipo simu. Kisha simu iegemezwe kwenye matofali, imelala kwa upana, ibonyezwe na isiguswe kwa dakika nzima. Nakumbuka kikundi kilichochagua bomba. Sekunde ishirini za kwanza zilikuwa maji yanayotiririka kwenye jerikeni ya manjano, hakuna zaidi. Kisha mtoto mdogo anaingia upande wa kushoto na ndoo yake, anasimama, na wakubwa wawili wanapita mbele yake mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyepanga hilo. Video ilipoonyeshwa, darasa lililokuwa kimya lilianza kubishana kuhusu foleni, na swali la mradi likazaliwa hapo hapo: nani hulinda zamu ya wadogo bombani? Baada ya kuonyesha, waulize jambo moja: "Nini kiliingia kwenye picha ambacho hamkukipanga?" Wape nafasi ya kutosha walijibu.

Sasa vikundi. Wanafunzi 54 ni vikundi tisa vya watu sita, na kila mtu awe na kazi: mwongozaji, mpiga picha, msikilizaji wa sauti, mhoji, mtunza orodha, na mkaguzi wa ukweli. Huyu wa mwisho ndiye anayeuliza kila sentensi itakayosemwa, "Nani kasema? Tumeona wapi?" Kazi zizunguke, mtu asishike simu mara mbili mfululizo. Wale vijana wako watatu watie katika vikundi vitatu tofauti, na uwape sharti moja: wafundishe kwa mdomo, mikono ikiwa nyuma. Kijana anayejua kuhariri kwa vidole mara nyingi hajawahi kueleza anachokifanya. Akilazimika kumwambia mwenzake "bonyeza hapo juu, subiri, sasa vuta kushoto", naye anajifunza upya, na mwenzake ndiye anayebonyeza.

Urefu wa filamu: sekunde 90, vipande visivyozidi vinane. Kipande ni kile kinachorekodiwa tangu kubonyeza mpaka kubonyeza tena. Nane nimeichagua kwa sababu ya karatasi. Karatasi ya kawaida ukiikunja katikati mara tatu, ukiifungua inakupa visanduku vinane. Katika kila kisanduku wachore kwa vijiti kitakachoonekana, chini yake waandike sentensi itakayosikika, pembeni idadi ya sekunde. Usijali uzuri wa mchoro. Jali kwamba visanduku angalau vitano vinaonyesha kitu kikitendeka. Karatasi yenye nyuso nane zinazozungumza irudishe, hata kama wamechora vizuri. Karatasi nyingi zitarudi mara mbili au tatu kabla hujazikubali, na huko kurudi ndiko somo lenyewe lilipo.

Kikundi chenye karatasi iliyokubaliwa kitapiga vipande vinane kwa dakika kumi na tano hadi ishirini. Kipindi chako ni dakika 40, kwa hiyo vikundi viwili kwa kipindi, na vikundi tisa humalizika kwa vipindi vitano. Wengine wakati huo wanaandika, wanarudia maswali ya mahojiano, au wanajaribu vipande kwa vishikwambi. Wakipiga kwa mfuatano, cha kwanza kwanza na cha nane mwisho, filamu itakuwa karibu tayari kabla laptopu haijawashwa. Siku ya kwenda kwenye mifereji iwe moja kwa darasa zima, na uwaombe walimu wenzako wawili waje na simu zao. Hiyo ndiyo siku ya kuwa na mikono mingi.

Kuhusu simu yako mwenyewe, kuwa mkali. Ina M-Pesa yako, ujumbe wako na picha za familia yako. Hamisha picha binafsi kwanza. Toa laini au weka hali ya ndege, jambo ambalo pia litazuia simu ya mtu kukatiza rekodi katikati ya sentensi nzuri. Simu nyingi za Android zina mpangilio wa kubandika programu moja kwenye skrini, kwamba mtoto hawezi kutoka kwenye kamera bila namba yako ya siri. Utafute kwenye mipangilio ya usalama, uujaribu nyumbani kabla ya siku yenyewe.

Upande wa picha sina mengi. Lenzi ifutwe kwa kitambaa, maana mifuko yetu ina vumbi. Simu ishikwe kwa upana. Uso wa mhojiwa uelekee dirisha au uwe kwenye kivuli cha wazi, jua lisimchome machoni wala lisiwe mgongoni pake. Kidole kikikandamiza skrini kwa muda, simu nyingi hushikilia mwanga na fokasi zisibadilike, kwa hiyo picha haitabadilika rangi katikati. Usivute picha kwa vidole, sogea karibu kwa miguu. Mkilazimika kutumia taa za darasani na mkaona mistari ikipita kwenye picha, hiyo ni taa na kamera kutopatana. Stima yetu ni hezi 50, tafuta mpangilio huo kwenye kamera, au zima taa mfungue madirisha.

Sauti ndiyo inayoua video za shule nyingi kuliko kitu kingine chochote. Mtazamaji atavumilia picha yenye giza kidogo. Asiposikia maneno, ataanza kuzungumza na jirani yake. Na mazingira yetu ni magumu. Huku kando ya ziwa mvua hupenda kunyesha alasiri na jioni, na ikianza kupiga mabati hakuna maikrofoni itakayokuokoa. Panga kurekodi asubuhi. Upepo wa tambarare za Kano nao hunguruma ndani ya maikrofoni ya simu. Soksi safi ikivalishwa ule upande wenye tundu la maikrofoni, mngurumo hupungua sana.

Tatizo kubwa zaidi ni umbali. Mpiga picha akisimama mita mbili, sauti ya mzee anayehojiwa inachanganyika na kuku, bodaboda na redio ya jirani. Hapa ndipo vishikwambi vyako vinapata kazi ya maana. Kimoja kirekodi sauti tu, kiwe nje ya picha, mbali na mdomo wa mhojiwa kwa urefu wa mkono mmoja. Simu ya mwalimu mwingine ndani ya mfuko wa shati la mhojiwa hufanya kazi hiyo vizuri pia. Vifaa vyote viwili vikishaanza kurekodi, mwanafunzi apige kofi moja kubwa mbele ya kamera. Wakati wa kuhariri mtaona viganja vikikutana kwenye picha, na kwenye sauti mtaona mchoro ukiruka juu kama mwiba. Pangeni mwiba ule na viganja vile, na sauti nzuri itakaa juu ya picha. Kibao wanachokipiga watengenezaji filamu kazi yake ni hiyo.

Msikilizaji wa sauti asichukuliwe kama msaidizi. Kabla ya kipande chochote, yeye ndiye anayesema "kimya", na kikundi kizima kinanyamaza kwa nusu dakika kikihesabu sauti zilizopo: kinu cha kusaga, mbuzi, mtu anapasua kuni, watoto wa gredi ya 2 wanakariri. Kisha anaamua kama wahame, wangoje, au waende kuomba redio ipunguzwe. Mwishoni arekodi sekunde thelathini za mahali hapo pasipo mtu kuzungumza. Sauti hiyo hutumika kuziba mapengo, na filamu huacha kurukaruka kila mnapokata. Nimeona wanafunzi wanyamavu darasani waking'aa katika kazi hii kuliko wote.

Bado niko kwenye sauti, kwa sababu kuna lugha. Mkulima mzee wa Kano akihojiwa kwa Kiswahili au Kiingereza na watoto wenye daftari, atajibu kwa adabu na kwa ufupi. Akiulizwa kwa Dholuo atasimulia. Mwacheni asimulie. Wanafunzi warudi na rekodi, wayaandike maneno yake neno kwa neno, wayatafsiri kwa Kiswahili, kisha wayapunguze yawe maandishi ya chini ya skrini: mistari miwili kwa mara moja, kila mstari usizidi herufi arobaini hivi, na yakae muda wa kutosha kusomwa kwa sauti. Jaribu kuingiza maelezo ya mzee ya nusu dakika katika mistari sita bila kumpotosha, uone kazi iliyomo. Ni tafsiri na ufupisho kwa pamoja, na safari hii kuna mtu halisi atakayeudhika akinukuliwa vibaya. Mwendee mwalimu wa Kiswahili, umwombe vipindi viwili vya kazi hiyo. Atakupa.

Muziki, kwa filamu ya kwanza, uuache kabisa. Wanafunzi hutumia muziki kufunika mahali ambapo hawakuwa na la kusema. Baadaye wakiuhitaji, waurekodi wenyewe. Nyimbo za wasanii zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na ninyi mko kwenye nchi ya nyatiti na orutu, ala za nyuzi za Wajaluo. Hapakosi kijijini mtu wa kuwapigia sekunde ishirini mkimwomba vizuri, na jina lake liandikwe mwishoni.

Hifadhi ya picha ipangwe mapema. Kwenye simu nyingi, dakika moja ya video ya ubora wa 1080, fremu 30 kwa sekunde, hula megabaiti 130 hivi, kwa hiyo gigabaiti 8 hujaa kwa saa moja. Weka ubora wa 720. Kwa projekta ya darasani inatosha, na laptopu kuukuu haitakwama ovyo. Kila siku ya kurekodi iishe kwa kunakili: vipande viingie kwenye laptopu na kwenye flashi, kila kikundi na folda yake, kabla simu haijafutwa. Usivipitishe kwenye WhatsApp kama video, vitabanwa na kupoteza ubora. Tumia kebo au memori kadi, au ikibidi vitume kama hati.

Kwa laptopu, programu za Shotcut, OpenShot na Kdenlive ni za bure, haziweki nembo juu ya kazi yenu, na zikishasakinishwa hazihitaji intaneti. OpenShot ndiyo nyepesi kueleweka kwa anayeanza. Kwa simu watu hutumia VN, CapCut na InShot. InShot ya bure huacha nembo yake, na CapCut ina mambo kadhaa yasiyofanya kazi pasipo bando. Chagua moja na usibadilishe muhula mzima. Kwa kuhariri filamu ya sekunde 90 mnahitaji vitendo vinne tu: kukata, kupanga, kurekebisha sauti na kuandika maneno. Mapambo mengine yote yafiche kama unaweza.

Lakini laptopu ni moja, na hapa karatasi inarudi. Kikundi kitazame vipande vyake vyote mara moja kwenye projekta huku mtunza orodha akiandika: namba ya kipande, kinachoonekana, kinachosikika, kizuri ni kuanzia sekunde ya ngapi hadi ya ngapi. Kisha kila kipande kiandikwe kwenye ukanda wake wa karatasi, na kanda hizo zipangwe na kupanguliwa juu ya dawati mpaka wakubaliane. Wakifika kwenye laptopu wanakuwa na maagizo mkononi, na nusu saa itawatosha. Dai jambo moja zaidi: kila kikundi kiandike kipande kimoja walichokipenda wakakitoa, na sababu. "Tulimtoa ng'ombe akinywa mferejini kwa sababu swali letu ni la zamu ya maji, na watu wangeanza kumtazama ng'ombe." Mwanafunzi anayeweza kuandika sentensi hiyo ameelewa kuhusu hoja na ushahidi kitu ambacho mtihani wa kuchagua jibu hauwezi kukupimia.

Hapo tunafika kwenye tathmini. Wape viwango vinne vile vile tulivyovizoea: kuzidisha matarajio, kufikia, kukaribia, na mbali na matarajio. Ila usitoe alama za uzuri wa filamu peke yake. Mimi filamu yenyewe huipa robo tu. Nyingine zinagawanywa kati ya swali na utafiti, karatasi ya vipande na orodha, na utetezi wa mdomo. Utetezi ndio unaomaliza tatizo la wale watatu. Kila mwanafunzi, mmoja mmoja, aje mezani kwako kwa dakika moja na nusu. Unamwonyesha kipande chochote cha filamu ya kikundi chake na kumuuliza maswali mawili: kwa nini kipande hiki kiko hapa, na mlijuaje kwamba linalosemwa ni kweli? Aliyekaa kutazama atajulikana papo hapo. Aliyefanya kazi kimyakimya naye atajulikana. Kwa watoto 54 ni kama vipindi viwili, na sijui vipindi viwili vinavyotumika vizuri zaidi ya hivyo. Filamu ikisema "wakulima hupata hasara kubwa" na hakuna anayeweza kukuambia ni mkulima gani aliyesema na ni hasara ya nini, basi iko katika kukaribia matarajio, hata kama machweo yake yanapendeza namna gani.

Ruhusa usiiache mpaka mwisho. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na sura na sauti yake ni taarifa. Andika fomu ya nusu ukurasa, kwa Kiswahili au Dholuo, ieleze kitakachorekodiwa, kitaonyeshwa wapi, kitatunzwa na nani na kitafutwa lini. Mtoto ambaye mzazi wake amekataa asitengwe. Apewe sauti, orodha au kuhariri, na asionekane. Mhojiwa naye aulizwe, na jibu lake lirekodiwe. Mahali pa kuonyesha ni shuleni, siku ya wazazi, kwa projekta. TikTok na YouTube zenyewe zinataka mwenye akaunti awe na miaka 13 na zaidi, na katika gredi ya 8 wapo ambao hawajaifikisha. Na hata waliofikisha, kazi ya shule isipandishwe kwenye akaunti za watoto, tena wakiwa na sare na majina kamili.

Kwenye mifereji na ufuoni, mtu asiingie majini kwa ajili ya picha. Kichocho kipo, na ziwani kuna viboko. Mpiga picha akitazama skrini haoni miguu yake, kwa hiyo kila anayerekodi karibu na maji awe na mwenzake aliyemshika begani. Lifanye kuwa sheria isiyojadiliwa.

Mwalimu mkuu usimwendee na mabishano. Mwendee na ukurasa mmoja: vipindi vingapi, masomo gani yameungana, nini kitatathminiwa, na kwamba ujuzi wa kidijitali ni mmojawapo wa umilisi saba wa msingi wa CBC, mtaala wetu wa umilisi. Pengine atauliza kuhusu tamasha, maana Tamasha za Kitaifa za Drama na Filamu hupokea filamu za shule. Ni lengo zuri kwa mwaka ujao. Mwaka huu ningekusihi usilikimbilie, kwa sababu mashindano yatakurudisha kwa wale vijana watatu: shule itataka ushindi, na kamera itapewa anayeijua tayari.

Muhula huu fanya mawili tu, zoezi la dakika moja na filamu ya vipande vinane. Anza na vishikwambi leo jioni. Viweke kwenye chaji usiku kucha, kisha kesho uviwashe kamera kwa dakika 40 uone kipi kinavumilia kipindi kizima. Vinavyovumilia vitumike nje kurekodi sauti na kufanyia mazoezi. Kisichotunza chaji kibaki kimechomekwa ukutani, kiwe skrini ya kutazamia orodha.